Herufi, nyota, levo na cheti: kila kimoja kinakwambia nini kuhusu usalama wa mgonjwa wako

Mamangu mkubwa aliteleza msalani alfajiri ya Ijumaa, nyumbani kwake Majengo, Mombasa, akavunjika nyonga. Kufikia saa tatu baraza ilikuwa imejaa ukoo mzima na kila mtu ana hospitali yake. Ami alishikilia apelekwe Makadara, maana ndiyo hospitali ya rufaa ya Pwani na wengine wote wakikwama humpeleka mgonjwa huko huko. Mpwa wangu alikuwa na simu mkononi akisoma nyota: hii 4.6, ile 3.1. Binamu yangu aliyeko Marekani akapiga simu, akauliza swali ambalo hakuna aliyelielewa: "Hospitali zenu zina herufi gani ya usalama?" Huko aliko, alisema, kila hospitali kubwa ina A, B, C, D au F, na yeye hangempeleka mamake penye C.

Mtu mmoja tu hakutaja hospitali yoyote. Jirani yetu, muuguzi aliyestaafu, aliuliza: "Huko mnakotaka kumpeleka, mpira wa mkojo huutoa siku ya ngapi?" Tulimwona anatuchelewesha.

Tukafuata nyota. Mama mkubwa alipasuliwa siku ya nne, chuma kikakaa sawasawa, daktari akatupa mkono wa heri. Lakini mpira wa mkojo ulikaa siku tisa na hapakuwa na karatasi iliyoandikwa ulitiwa lini. Siku ya kumi ilimpanda homa, akaanza kutuita kwa majina ya watu waliokwisha kufa. Maambukizi yalikuwa yametoka kwenye mkojo yakaingia kwenye damu. Alilala wiki tatu zaidi. Hospitali hiyo siitaji. Yaliyompata yangeweza kumpata popote pale pasipohesabiwa siku za mpira.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma kila kipimo cha hospitali ninachokutana nacho, cha kwetu na cha ng'ambo, nikijiuliza jambo moja tu: aliyekitunga alikuwa anatafuta jibu la swali gani? Nimevipanga hapa sako kwa bako ili siku yako ikifika, usikae barazani ukibishana kama sisi.

Herufi za Marekani, na kwa nini hazipatani na nyota za huko huko

Herufi alizozitaja binamu yangu hutolewa na Leapfrog Group, asasi isiyo ya kibiashara iliyoanzishwa mwaka 2000 na waajiri wakubwa waliochoka kulipia matibabu ya wafanyakazi wao bila kujua wanachonunua. Mwaka 1999 Institute of Medicine ya huko ilikuwa imekadiria kwamba makosa ya hospitalini huua Wamarekani kati ya 44,000 na 98,000 kila mwaka, na nchi ikashtuka. Herufi zenyewe zilianza 2012. Hutoka mara mbili kwa mwaka, kwa hospitali zipatazo 3,000.

Ndani ya herufi hiyo mna mambo ambayo mgonjwa hayajui hata yakimpata: maambukizi yanayopitia mipira ya mkojo na mirija iliyotiwa kwenye mishipa mikubwa ya damu, vidonda vya upasuaji vinavyotunga usaha, vidonda vya kulalia, wagonjwa wanaoanguka wadini, vifaa vinavyosahauliwa tumboni mtu akashonwa navyo. Mna pia mambo ya utaratibu, kama usafi wa mikono, na kama wauguzi wanatosha. Kumbe jirani yetu alikuwa akiuliza swali lile lile la herufi, kwa Kiswahili, tena kwa jambo lililomhusu mgonjwa wetu hasa.

Basi A inakwambia kwamba hospitali hiyo inajitahidi isikuongezee ugonjwa usiokuja nao. Haikwambii kama daktari wake ni fundi wa nyonga.

Sasa weka kando yake nyota za serikali ya Marekani, zile zinazotolewa na CMS, idara inayosimamia bima za umma. Zilianza 2016, nyota moja hadi tano. Usalama ni sehemu moja tu kati ya tano za hesabu hiyo. Nyingine ni vifo, wagonjwa wanaorudishwa hospitalini baada ya kuruhusiwa, maoni ya wagonjwa wenyewe, na kama tiba ilitolewa kwa wakati na inavyotakiwa. Kuna tena orodha ya U.S. News & World Report, iliyoanza 1990, ambayo kwa magonjwa mazito huangalia mengi, zikiwemo sifa za hospitali mbele ya madaktari wenzao.

Mwaka 2015 watafiti walichukua orodha nne maarufu za huko, zikiwemo hiyo ya Leapfrog na ya U.S. News, wakazilinganisha. Hakuna hata hospitali moja iliyokuwa bora katika zote nne. Kati ya hospitali 844 zilizosifiwa na orodha moja, ni asilimia 10 tu zilizosifiwa na yoyote kati ya zile tatu nyingine.

Nilipoyasoma haya mara ya kwanza nilidhani basi zote ni upuuzi. Sivyo. Nenda Marikiti uulize duka gani bora. Mpishi wa biriani atakupeleka penye zafarani na hiliki, mwenye watoto wengi atakupeleka penye unga wa bei nafuu, na mzee asiyeweza kusimama atakupeleka penye kiti. Hakuna aliyekudanganya hapo, ila hukuwaambia ulichokuja kununua.

Hesabu inayosema kweli na bado ikakupoteza

Hapa nataka kukaa kidogo, maana ndipo watu wengi wanapoponzwa, hata wasomi.

Kwanza, anayetafuta ndiye anayepata. Mwaka 2013 jarida la JAMA lilichapisha utafiti kuhusu damu inayoganda kwenye mishipa ya miguu baada ya upasuaji, hatari inayoweza kupanda mapafuni ikaua. Hospitali zilizopima wagonjwa wengi zaidi kwa mashine ndizo zilizoonekana kuwa na visa vingi zaidi. Yaani hospitali iliyo makini ikapata alama mbaya, na isiyopima ikaonekana salama. Kumbuka hili kila unapoambiwa "hapa kwetu hatujawahi kupata tatizo hilo".

Pili, hesabu ndogo. Chukulia hospitali iliyofanya upasuaji wa aina fulani mara 30, na hakuna aliyefariki. Sifuri hiyo inapendeza. Lakini wataalamu wa takwimu wana kanuni nyepesi: ukiona sifuri katika watu kadhaa, gawanya 3 kwa idadi yao, ndipo upate hatari inayoweza kuwa imejificha. Gawanya 3 kwa 30: asilimia 10. Kwa hiyo sifuri katika 30 bado inaweza kuwa mahali ambapo mtu mmoja kati ya kumi hufa, ila bahati ilikuwa njema. Sifuri katika 3,000 ni habari nyingine kabisa. Ukitajiwa asilimia yoyote, uliza ni ya watu wangapi.

Tatu, nani anapelekwa wapi. Makadara hupokea rufaa kutoka Kwale, Kilifi, Taita Taveta, Tana River na Lamu. Mama aliyevuja damu njia nzima, mtoto aliyekaa siku tatu na degedege, kijana wa bodaboda aliyepasuka wengu, wote huishia mlango ule. Ukihesabu vifo bila kupima uzito wa ugonjwa aliofika nao mtu, hospitali ya rufaa itaonekana machinjioni na zahanati ya mtaani itaonekana peponi. Marekani hujaribu kusawazisha hesabu kwa umri na maradhi ya mgonjwa, na hata hivyo ugomvi hauishi. Jimbo la New York lilipoanza kutangaza vifo vya upasuaji wa moyo mwanzoni mwa miaka ya 1990, vifo vilipungua, lakini palizuka pia hofu kwamba baadhi ya madaktari wanawakwepa wagonjwa mahututi ili wasiharibu alama zao. Mpaka leo wataalamu wanabishana juu ya ukubwa wa jambo hilo.

Na zaidi ya hayo, alama unayoisoma leo mara nyingi imejengwa kwa wagonjwa wa mwaka jana au mwaka juzi. Muuguzi mkuu aliyeleta sifa hiyo huenda keshahamia kwingine.

Kipimo kilichokuwa kikimfaa mama mkubwa

Uingereza kuna daftari la taifa la wazee waliovunjika nyonga, National Hip Fracture Database, lililoanza 2007. Kila hospitali huandika humo: mgonjwa alipasuliwa kesho yake au alingojeshwa? Aliinuliwa kitandani siku ya pili? Alionwa na daktari wa wazee? Alipata kidonda cha kulalia? Alikuwa hai siku 30 baadaye? Majibu hutangazwa kwa kila hospitali kwa jina. Miaka michache tangu lianze, vifo ndani ya siku 30 kwa hospitali zilizoshiriki vilishuka kutoka karibu asilimia 11 hadi 8.5 kufikia 2011.

Mama mkubwa alingoja siku nne. Wakati ule hakuna aliyetwambia kwamba kungoja kwenyewe ni hatari, kwamba mzee aliyelala chali na nyonga iliyovunjika mapafu yake huanza kujaa, ngozi ya mgongo huanza kuoza, na mpira wa mkojo unazeeka pamoja naye. Hiki ndicho kipimo ninachokitamani kuliko vyote nilivyosoma, kwa sababu kinamwangalia mgonjwa wa aina moja na kumfuata hadi mwisho. Herufi ya hospitali nzima humchanganya mama mkubwa na mtoto aliyekuja kutolewa mafindofindo.

Vya kwetu: levo, leseni, cheti

Mombasa hatuna orodha ya umma inayozipanga hospitali kwa usalama. Tunavyo vitu vingine, na watu huvichukulia kana kwamba ni orodha hiyo.

Levo ndiyo inayopotosha zaidi. Kenya ina ngazi sita, kuanzia afya ya jamii mitaani, zahanati ambayo ni levo 2, kituo cha afya levo 3, hospitali ya kaunti ndogo levo 4, ya rufaa ya kaunti levo 5, hadi za rufaa za taifa levo 6. Hospitali za binafsi nazo hupewa levo. Hii ni habari ya uwezo: vitanda, vyumba vya upasuaji, aina za madaktari. SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, hulipia kulazwa kwa viwango vinavyotofautiana kwa levo. Lakini levo 5 inaweza kuwa na bomba kavu wadini, na levo 3 ikawa na muuguzi anayeosha mikono kwa kila mgonjwa. Levo inakwambia tu wanachopaswa kuwa na uwezo wa kukifanya.

Leseni ni mstari wa chini kabisa. Baraza la madaktari, KMPDC, husajili hospitali na madaktari, na unaweza kuangalia mtandaoni kama kituo kina leseni ya mwaka huu na kama daktari uliyetajiwa yumo kwenye rejista. Fanya hivyo kila mara, ni dakika tano. Leseni haikwambii kwamba pale ni pazuri. Ila pasipokuwa na leseni ondoka, hata kama jirani zako watatu wamezalia hapo salama.

Vyeti vinataka macho. Cheti cha JCI, shirika la kimataifa la Marekani, hudumu miaka mitatu na hupatikana baada ya wakaguzi kupita kila kona: dawa hatari zinahifadhiwaje, mgonjwa anatambuliwaje kabla ya kuongezewa damu. SafeCare, mfumo wa asasi iitwayo PharmAccess uliotengenezwa kwa ajili ya nchi kama zetu, hupanga vituo kwa ngazi tano na hufaa hata zahanati ndogo, kwa sababu hukupa hatua ya kupanda badala ya kukufelisha tu. ISO 9001 ni ya utaratibu wa uendeshaji. Kiwanda cha saruji nacho chaweza kuwa nayo. ISO 15189 ni ya maabara, na hiyo naiheshimu, maana jibu la maabara likikosewa kila kitu kinachofuata kimekosewa. Ukikiona cheti ukutani soma mambo mawili: tarehe ya mwisho, na jina la tawi. Hospitali yenye matawi hupenda kutangaza cheti cha tawi la Nairobi kwenye bango la Nyali.

Jirani zetu wa Kilifi wameshawahi kuonja kitu kinachofanana na herufi. Serikali na Benki ya Dunia walifanya jaribio la ukaguzi wa usalama katika kaunti za Kilifi, Kakamega na Meru, vituo 1,348, vya umma na vya binafsi. Kwa baadhi ya maeneo wakaguzi walifika kweli, wakatoa alama, wakaonya na kufunga wasio na leseni; kwingine hatua hizo hazikuchukuliwa. Baadhi ya vituo vilitakiwa pia kubandika alama zao pale wagonjwa wanapoziona. Palipokaguliwa, utaratibu wa usalama uliimarika, na sehemu ya wagonjwa ikahama kutoka vituo vya binafsi kwenda vya umma. Mimi najivunia jambo hilo. Linaonyesha kwamba kipimo cha usalama si anasa ya Wazungu, na kwamba mkaguzi mwenye daftari anaweza kubadilisha zahanati ya Kilifi.

Lakini kaunti hizo hizo tatu zilitoa takwimu iliyonikosesha usingizi. Uchunguzi uliochapishwa 2017 katika jarida la Shirika la Afya Duniani, WHO, uliwatazama wahudumu wakihudumia wagonjwa wa nje katika vituo 935. Usalama wa sindano na wa kutoa damu ulizingatiwa kwa asilimia 87. Kuosha mikono, asilimia 2.3. Chumba kimoja, muuguzi yule yule. Kizazi kizima kilifundishwa kuogopa sindano kwa sababu ya ukimwi, na somo likashika. Mikono haikupata kampeni ya namna hiyo. Kwa hiyo ukiona sindano mpya ikifunguliwa mbele yako usifikiri ndiyo dalili kwamba na mengine yote yako sawa.

Nyota za kwenye simu na "kumi bora Afrika"

Nyota za simu zina faida yake ndogo. Zinakwambia kama mapokezi wanatukana watu, kama bili hubadilika ukiwa mlangoni unatoka, kama maegesho yapo. Mtu anayelalamika kwamba aliachwa saa sita bila kuonwa huwa anasema kweli, na malalamiko kumi yanayofanana nayachukulia kwa uzito. Ila aliyepata maambukizi kwenye damu baada ya kuruhusiwa hajui yalitoka wapi, na aliyefariki haandiki. Usafi wa vigae na maua ya mapokezi huzaa nyota nyingi. Wahenga walisema kizuri chajiuza. Hospitalini sikubaliani nao, kwa sababu uzuri unaomwokoa mgonjwa uko nyuma ya milango miwili, kwenye chumba cha kuchemshia vifaa, ambako mteja hafiki.

Orodha za "hospitali bora Afrika" zinazosambazwa kwenye makundi ya WhatsApp zisikushughulishe sana. Kuna moja inayonukuliwa mno, Webometrics, ya maabara moja ya taasisi ya utafiti ya Hispania, CSIC. Ilikuwa ikizipanga hospitali kwa uwepo wao kwenye intaneti. Tovuti kubwa, nafasi ya juu. Ndiyo hiyo.

| Kipimo | Swali kinalojibu | Ambacho hakikigusi |
|---|---|---|
| Herufi za Leapfrog | Je, watanidhuru kwa jambo ambalo sikuja nalo? | Ufundi wa daktari kwa ugonjwa wako |
| Nyota za serikali ya Marekani | Kwa jumla, hospitali hii ikoje? | Wadi utakayolala wewe |
| Daftari la ugonjwa mmoja, kama la nyonga | Wagonjwa kama mimi huishiaje? | Magonjwa mengine yote |
| Levo na leseni | Wameruhusiwa kufanya nini? | Wanafanya vizuri kiasi gani |
| Cheti cha ubora | Siku ya ukaguzi utaratibu ulikuwepo? | Yanayofanyika saa nane usiku, mkaguzi hayupo |
| Nyota za simu | Watu walihudumiwa kwa heshima? | Kila kisichoonekana kwa macho |

Uchague vipi, kwa hali yako

Ikiwa ni dharura, sahau vipimo vyote isipokuwa umbali na uwezo. Mtu anaishi Mtongwe, mkewe anavuja damu baada ya kujifungua. Kuvuja huko kunaweza kumuua mwanamke mzima wa afya ndani ya saa chache. Hospitali yenye vyeti iliyoko kisiwani ni nzuri, lakini kati yake na wewe kuna kivuko cha Likoni, na hata ambulensi ikipishwa mbele, feri lazima ifike, ipakie, ivuke. Barabara ya Dongo Kundu ipo siku hizi, na ni mzunguko. Kwa hiyo swali la mkaazi wa kusini mwa kivuko huulizwa mapema, mimba ikiwa ya miezi saba, mchana, mtu ametulia: hapa karibu, usiku, daktari wa kupasua yupo au huitwa kutoka nyumbani? Nani hutia nusukaputi? Damu iko kwenye friji au hutumwa mtu kwenye benki ya damu ya kanda? Majibu haya matatu yana thamani kuliko nyota zote. Na jua haki yako: Katiba ya 2010, ibara ya 43, inakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Wakikudai amana kwanza, itaje ibara hiyo kwa nambari yake.

Kwa upasuaji uliopangwa, kama ngiri, busha, uvimbe wa kizazi, mtoto wa jicho, una wakati, basi utumie. Hapa idadi ndiyo rafiki yako. Kwa upasuaji mgumu utafiti wa miaka mingi umeonyesha kwamba wanaoufanya mara nyingi huwa na vifo vichache. Muulize daktari mwenyewe: umefanya mangapi ya hivi mwaka huu, hapa hapa? Daktari mzuri hakasiriki.

Kisha uliza kuhusu orodha ya ukaguzi ya upasuaji ya WHO. Ni karatasi moja yenye mambo 19, husomwa kwa sauti mara tatu: kabla ya nusukaputi, kabla ya kisu, kabla ya kutoka chumbani. Jina la mgonjwa, upande unaopasuliwa, mzio wa dawa, vitambaa vimehesabiwa. Ilipojaribiwa katika hospitali nane duniani, matokeo yake yakachapishwa 2009, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Mojawapo ya hospitali hizo nane iko Ifakara, Tanzania, pamoja na za London, Toronto na Seattle. Ndiyo maana sikubali mtu akinambia usalama unataka mabilioni. Usione vyaelea, vyaundwa. Na hapa kilichoundia ni karatasi na watu wanaokubali kuisoma. Mgonjwa aliyeulizwa jina lake mara tatu na watu tofauti asione kero. Anayepaswa kuwa na wasiwasi ni yule ambaye hakuulizwa.

Kwa anayerudi kila wiki, hasa wa kusafishwa figo, mimi ningeweka usafi mbele ya kila kitu, mbele hata ya mashine mpya. Kaa kwenye kiti cha kusubiri asubuhi moja utazame. Je, anayeunganisha mirija hubadilisha glavu kati ya mgonjwa na mgonjwa? Sabuni iko kwenye sinki au kuna chupa tupu? Umbali nao una uzito wake: mara mbili kwa wiki kutoka Mariakani hadi kisiwani ni safari inayomfanya mtu akose siku moja, na kukosa siku ni hatari ambayo hakuna herufi inayoihesabu.

Kama mgonjwa wako amelazwa tayari, bado una la kuchagua. Andika kwenye daftari lako tarehe ya kila mpira na kila kanula, ile sindano ya mshipani ya kupitishia dawa, iliyotiwa. Kila asubuhi uliza kwa adabu, "Dada, huu bado unahitajika?" Hesabu wauguzi wa zamu ya usiku na vitanda vya wadi. Geuza mzee wako ubavu kila baada ya saa mbili kama hakuna wa kumgeuza.

Mama mkubwa alipona, anatembea kwa mkongojo. Mwaka jana macho yakaziba, ikabidi atolewe mtoto wa jicho. Safari hii hatukukaa barazani. Tulikwenda na jirani yetu muuguzi katika hospitali mbili, tukauliza swali moja: kwa mwaka uliopita, macho mangapi yaliingiwa na maambukizi baada ya upasuaji?

Ya kwanza walitujibu papo hapo, "Hatuna kesi hizo." Tulipouliza wamepasua macho mangapi, na kama huwaita wagonjwa baada ya wiki kuwaangalia, hakuna aliyejua. Ya pili, muuguzi msimamizi alitwambia tusubiri, akaenda, akarudi na rejista kubwa ya jalada la bluu. Akapitisha kidole. Wawili, alisema. Mmoja alipona, mmoja jicho halikuona tena. Akatueleza walichokigundua kwenye mashine ya kuchemshia vifaa, na tarehe waliyoibadilisha.

Jirani yetu alimshukuru, akamgeukia mama mkubwa. "Dada, leta kadi yako ya SHA," akamwambia. "Tuandikishe hapa."